Kora ya pete za ngozi: kuituni pwani, kuijifunza, na kama inaweza kukulisha

*Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpiga gitaa la solo kwenye bendi ndogo hapa Tanga. Mjomba wangu aliyekuwa akifanya kazi Dakar ameniletea kora ya nyuzi 21, ala ya jadi ya Afrika Magharibi, ile ya pete za ngozi shingoni. Januari ilikuwa inalia vizuri. Tangu mvua zianze inashuka kila siku, daraja limeinama, na uzi mmoja mwembamba umekatika. Naomba unielekeze kuituni na kuanza kujifunza. Halafu jingine: akina Diabaté na Kouyaté wanaishi kwa kazi hii tangu mababu. Mimi nisiye wa ukoo wao naweza kuishi kwa kora?*

Marahaba. Kora yako si mbovu. Imetoka Dakar majira ya ukavu, ikaja kukaa Tanga, na masika yakaikuta hapo. Uso wa kora ni ngozi ya ng'ombe iliyowambwa juu ya nusu ya kibuyu kikubwa, na ngozi hunywa unyevu wa hewa. Ikilegea, daraja linazama kidogo, nyuzi zote zinalegea pamoja nalo na sauti inashuka. Wapiga ngoma wa kwenu wanaijua hali hiyo, na dawa yao ni kuiotesha ngoma moto. Kora usiioteshe. Nyuzi zake ni nailoni, kibuyu hupasuka kwa joto, na ngozi ikisinyaa ghafla huchanika pale ilipopigiliwa misumari ukingoni.

Kosa la kwanza la kila mtu ni kuikazania noti ileile. Asubuhi imeshuka, unakaza. Jioni imeshuka, unakaza tena. Likija jua siku mbili mfululizo, ngozi inajikaza yenyewe juu ya mkazo uliouongeza wewe, na nyuzi nyembamba ndizo za kwanza kukatika. Nadhani ndivyo ulivyoupoteza wako. Mvua zikinyesha shusha kora nzima, kutoka F hadi E au hata E flati, kila uzi kwa kiasi kilekile. F si amri. Gambia na Casamance, kusini mwa Senegal, mpigaji hupandisha au kushusha kora kufuata koo la mwimbaji. Ihifadhi chumba cha ndani ndani ya mfuko wa kitambaa, mbali na sakafu ya saruji na ukuta wa nje, na utumbukize pakiti mbili tatu za silika (zile zinazokuja kwenye maboksi ya viatu) kupitia tundu la sauti. Usiiache ndani ya gari juani hata nusu saa.

Sasa daraja. Halikugundishwa. Limesimama wima juu ya kipande cha kitambaa kilichokunjwa, limeshikwa na mkazo wa nyuzi peke yake, zikipita kwenye meno yake 11 upande wa kushoto na 10 upande wa kulia. Kila unapovuta pete kwenda juu, uzi unaburuta daraja kuelekea shingoni, kwa hiyo lisipoangaliwa litainama kidogo kidogo mpaka lianguke kwa kishindo. Legeza nyuzi nne tano nene, shika kitako cha daraja kwa mkono mmoja kisitambae, na kwa mkono mwingine rudisha kichwa chake mpaka lisimame wima ukilitazama kwa ubavu. Usifungue nyuzi zote kwa mara moja. Daraja litaanguka, na ngozi iliyozoea mzigo itabadilika umbo.

Kuhusu uzi uliokatika, uko mahali pazuri, maana kora za leo zinatumia mshipi wa kuvulia samaki. Zamani nyuzi zilikuwa vipande vyembamba vya ngozi ya paa vilivyosokotwa, lakini nailoni inalia kwa nguvu zaidi na haichoki upesi. Chukua kipande kilichobaki, nenda nacho duka la zana za uvuvi, na linganisha unene. Milimita huwa zimeandikwa kwenye kibao cha gurudumu lililozungushiwa mshipi. Kwa kawaida nyuzi za juu kabisa ni karibu milimita 0.7, za katikati karibu 1, na besi huzidi 1.5. Chagua mshipi wa uzi mmoja mgumu, usichukue uliosukwa, kwani wa kusuka hauna mlio.

Kabla hujafungua chochote, piga picha ya karibu ya pete jirani na ya kitako cha kora. Chini, kila uzi hauendi moja kwa moja kwenye pete ya chuma. Umefungwa kwenye kamba fupi nene zaidi inayotoka kwenye chuma hicho, kwa fundo la kuunganisha kamba mbili zenye unene tofauti: kamba nene inapinda kama sikio, uzi mwembamba unapita ndani ya sikio, unazunguka nyuma yake na kujibana wenyewe. Mvuvi yeyote atakuonyesha. Fundo likae sentimita chache chini ya daraja. Likigusa jino la daraja uzi utanguruma. Acha sentimita 15 za ziada juu, zungusha kwenye pete kama ulivyoona pichani, kata baadaye. Uzi mpya utaendelea kunyooka kwa siku tatu nne, kwa hiyo utuni juu kidogo ya noti yake kisha uuache.

Pete hizo za ngozi zinaitwa *konso*, na ndizo zinazowatoa watu jasho. Pete ikisukumwa juu, mbali na kibuyu, uzi unakaza, ikishushwa, unalegea. Haisukumwi tu, inazungushwa huku ikisukumwa, kwa mikono miwili, kama unayefungua kifuniko cha chupa kilichogoma. Ikiteleza na kurudi yenyewe, ngozi yake imekauka: paka maji kidogo sana kwa kidole, iache dakika kumi, jaribu tena. Usipake mafuta wala nta, hutaituni tena. Wapiga kora wengi wa leo wamehamia funguo za chuma kama za gitaa, na sioni aibu yoyote katika hilo, ila anayezitaka amwendee fundi. Shingo itatobolewa matundu 21, na mbao iliyotobolewa ovyo hupasuka.

Huu ndio mpangilio wa noti ukianza na F, kutoka uzi mnene kwenda mwembamba. Mkono wa kushoto: F, C, D, E, G, B flati, D, F, A, C, E. Mkono wa kulia: F, A, C, E, G, B flati, D, F, G, A. Ukiimba kwaya, fanya F kuwa *do*: kushoto ni do, so, la, ti, re, fa, la, do, mi, so, ti; kulia ni do, mi, so, ti, re, fa, la, do, re, mi. Zile nne za mwanzo za kushoto ni besi. Baada yake ngazi inapanda kwa kupokezana, noti moja kulia, inayofuata kushoto, hadi karibu na kilele. Ndiyo maana mpiga gitaa hupotea wiki za mwanzo: anatafuta do-re-mi kwenye mkono mmoja, na haipo. Kwenye mkono mmoja nyuzi jirani zinarukana noti, kwa hiyo dole gumba likiteleza juu ya nyuzi tatu za jirani unapata kodi nzima (noti tatu zinazolia pamoja) bila kuitafuta.

Tumia programu ya kutuni ya simu, lakini kwa utaratibu. Anza na F ya besi, kisha F zote tatu zilizobaki, halafu C zote, halafu zilizosalia. Ukifika mwisho rudi mwanzo, utakuta za kwanza zimeshuka, kwa sababu kila uzi unaoukaza unaizamisha ngozi kidogo na kuzilegeza zile ulizokwishamaliza. Mizunguko mitatu ni kawaida. Kwa mgeni wa pete hesabu saa nzima. Aliyezoea humaliza kwa robo saa. Baada ya hapo zima simu na usikilize. Tuni za Wamandinka, wenye kora yao, zina majina manne: *silaba* (au *tomora ba*), *hardino*, *sauta* na *tomora mesengo*. Hardino iko karibu sana na ngazi ya meja unayoijua. Silaba nayo iko karibu, lakini baadhi ya noti zinakaa pembeni kidogo ya zile za piano, na mashine ya simu haizijui. Sauta ni rahisi kuipata: pandisha B flati zote mbili ziwe B. Hiyo fa iliyopanda inabadilisha uso wa kora nzima.

Kujifunza kwenyewe kunaanza na vidole vinne tu, madole gumba mawili na vidole vya shahada viwili. Vidole vitatu vilivyobaki vya kila mkono vinashika vishikio viwili vya mti. Kora inasimama mbele yako nyuzi zikikutazama. Vishike kwa wepesi. Ukibana, kifundo cha mkono kinakufa ganzi ndani ya dakika kumi na ukucha unaanza kukwaruza badala ya kudonoa.

Kuna mambo mawili ya kutenganisha kichwani. *Kumbengo* ni mzunguko unaojirudia, besi na mdundo, mzigo wake mkubwa ukiwa juu ya madole gumba. *Birimintingo* ni zile noti zinazomwagika kutoka juu kwenda chini kati ya maneno ya mwimbaji. Kila mpiga gitaa anataka kuanza na birimintingo kwa sababu inafanana na solo. Usianze nayo. Miezi mitatu ya kwanza piga kumbengo moja, nusu saa kila siku, polepole, mguu ukipiga chini. Wanafunzi wengi huko huanzia Kelefaba, wimbo wa jadi wa kumsifu shujaa Kelefa Sane wa nchi ya Kaabu, kwa sababu kumbengo yake ni ya wazi na mikono inapokezana bila kugongana. Utajua umeiva siku mtu atakapokuuliza bei ya nyanya nawe ukamjibu sentensi tatu bila mkono kuyumba. Kipimo hiki kimetoka kwenye kazi yenyewe: mpigaji anamsindikiza msemaji, na msemaji hamngojei.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili, maana umeuliza mambo mawili kana kwamba ni moja. Kupiga kora ni ufundi. Ujeli ni kazi nyingine, ambayo kora ni mojawapo ya zana zake.

*Jeli* kwa Kibambara, *jali* kwa Kimandinka, ambaye Wafaransa walimwita griot, ni mtu wa tabaka la kuzaliwa. Jamii ya Wamande (Wamandinka, Wabambara na ndugu zao) tangu zama za dola ya Mali ya Sunjata Keita, karne ya 13, iliwagawa waungwana na wenye sanaa za urithi: wahunzi, watengeneza ngozi na majeli. Kazi ya jeli ni neno. Anatunza nasaba za koo, anapeleka kokwa za kola kwenye posa, anasuluhisha ndugu waliogombana, anamkumbusha tajiri babu yake alikuwa nani ili aone haya kufanya uchoyo. Majina Kouyaté, Diabaté (Jobarteh kwa Gambia), Sissoko au Cissokho, Suso, Konté, ni majina ya koo hizo. Mwungwana humpa jeli haki yake kwa sababu kati ya familia zao mbili kuna deni la vizazi. Anayesikiliza muziki wa Kongo anaijua *libanga*, jina la mwenye fedha kutajwa ndani ya wimbo kwa malipo. Kwa mbali inafanana, lakini libanga hununuliwa na yeyote leo hii, na jeli anayesifu mtu asiyemjua ukoo wake anachekwa.

Kwa hiyo fedha ya jeli inatoka wapi? Kwanza kwenye sherehe, kumpa mtoto jina na harusi. Waalikwa wanatuza pale pale, noti mkononi au juu ya nguo, jinsi mwimbaji wa taarabu anavyotunzwa ukumbini Unguja. Anayetuzwa zaidi ni mwimbaji, na Mali waimbaji wakubwa wa kijeli ni wanawake. Mpiga kora anapata mgao wake baadaye, na mara nyingi ni mdogo. Hilo watazamaji wa nje hawalioni, kwa kuwa kwenye majukwaa ya Ulaya mpiga ala ndiye anayekaa mbele. Pili, kuna mfadhili wa kudumu. Tatu ilikuja baada ya uhuru wa 1960: serikali ya Mali iliunda kikundi cha taifa cha ala za jadi na kuwalipa majeli mshahara, mpiga kora Sidiki Diabaté akiwamo. Senegal iliipandisha kora zaidi ya hapo, kwani mstari wa kwanza wa wimbo wake wa taifa, maneno ya Léopold Sédar Senghor, unawaamuru watu wapige kora na balafoni, marimba ya huko. Nne ni rekodi na safari za nje, mlango ambao Mory Kanté wa Guinea aliusukuma wazi mwaka 1987 kwa Yéké Yéké, mpaka disko za Ulaya zikaicheza.

Itazame njia ya Toumani Diabaté, mwana wa Sidiki, aliyezaliwa Bamako mwaka 1965 na kufariki Julai 2024. Alijifunza zaidi kwa kusikiliza kuliko kwa kukaa mbele ya baba. Alipanda jukwaani akiwa na miaka 13 na kikundi cha Koulikoro. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 alikuwa mpigaji wa nyuma wa mwimbaji Kandia Kouyaté, akizunguka naye. Albamu yake ya kwanza, kora peke yake bila mwimbaji, ilitoka 1988. Grammy aliyoipata pamoja na mpiga gitaa Ali Farka Touré ilikuja 2006, karibu miaka 30 baada ya jukwaa la kwanza. Huyo alizaliwa ndani ya nyumba ya kora, na bado miaka ya mwanzo aliila kwa kumsindikiza mwimbaji. Ungeniuliza mahali pa kuanzia kutafuta riziki, ningekwambia hapo hapo: tafuta mwimbaji.

Kuhusu ukoo, mipaka yenyewe imekwisha kusogea. Mwimbaji Salif Keita wa Mali ni mwungwana wa ukoo wa Sunjata na aliimba ingawa nyumbani hawakupenda. Seckou Keita wa Ziguinchor, Casamance, ana jina la kifalme kwa baba, lakini kora aliipata kwa akina Cissokho, upande wa mama. Sona Jobarteh, mjukuu wa bingwa wa Gambia Amadu Bansang Jobarteh, ameifanya kora kuwa kazi yake ilhali kwa mila wanawake wa nyumba hizo waliimba na kugonga chuma, kora ikabaki ya wanaume. Hakuna atakayekunyang'anya kora kwa sababu wewe ni wa Tanga. Ila usijiite jeli kwenye bango, na usiimbe nasaba za Keita au Traoré ulizozikariri mtandaoni. Mmali mmoja akiwa ukumbini ataona kichekesho au matusi. Ukirekodi Kelefaba, kwenye fomu za haki miliki andika wimbo wa jadi wa Wamandinka, mpangilio wako. Usijiandike mtunzi.

Unachoweza kukileta ambacho hao hawana ni maneno yako. Utenzi una mizani nane kila kipande, nao unakaa vizuri juu ya kumbengo: kipande kimoja kwa mzunguko mmoja, mkia wa mzunguko ukibaki kwa pumzi, na baada ya ubeti wa vipande vinne unapiga birimintingo fupi kabla ya ubeti unaofuata. Tafuta mghani mzuri, mfanye mazoezi ya beti 20, nanyi mna onyesho la dakika 15 lisilofanana na la mtu mwingine pwani nzima. Hoteli, harusi zinazotaka muziki wa chini wakati wa chakula, na wanafunzi wawili watatu, hiyo ndiyo riziki ya kweli ya miaka ya kwanza. Gitaa usiliuze.

Jukwaani, adui ni spika. Ngozi ni kipaza sauti yenyewe, ikikaa mbele ya spika itapiga yowe. Bandika kipaza sauti kidogo cha kugusa karibu na kitako cha daraja, kama unacho ongeza kingine kidogo kwenye tundu la sauti, mwambie fundi mitambo apunguze besi za chini kabisa, na spika ya kujisikilizia ikae ubavuni kwako. Fika mapema, itoe kora kwenye mfuko, iache pale pale utakapopigia kwa dakika 40 ndipo uituni. Ukiituni kwenye chumba chenye kiyoyozi kisha ukatoka nayo barazani, kazi yote imepotea. Ukisafiri kwa ndege, legeza nyuzi kidogo, funga daraja lisitambae, na uiweke kwenye kasha gumu lenye picha ya kora nzima imebandikwa ndani ya kifuniko, ili anayelifungua ajue kile ni nini. Mwaka 2020 kora ya mpigaji wa Mali, Ballaké Sissoko, ilifika Paris kutoka New York ikiwa vipande, shingo, daraja na nyuzi zimetenganishwa.